Wasifu Uliobaki Ndani ya Kompyuta

Habari ilimfikia Julius Hiza kwa simu ya jirani, kwa sababu laini yake mwenyewe ilikuwa imetolewa kwenye simu, imelala mezani kando ya kibodi kama ukucha uliokatwa.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, mjini Handeni, jua limeshaanza kuchoma bati la steshenari yake karibu na stendi. Alikuwa mbele ya kompyuta tangu alipofungua mlango, akitazama namba zikipanda kivivu kwenye kioo cha bluu, na chini yake maneno ya kumwonya asizime. Mwatumu, mshona sare wa chumba cha pili, aliingia bila kupiga hodi. Hilo peke yake lilimshtua, maana Mwatumu alikuwa mtu wa kupiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Alimnyooshea simu kwa mikono miwili.

"Kaka Julius, pokea. Ni kijana wa dada yako."

Sauti ilikuwa ya Stefano, kutoka Masuguru, Korogwe. "Shikamoo, mjomba. Tunakupigia tangu jana jioni, hupatikani." Nyuma yake zikasikika sauti za wanawake. "Mama ametutoka, mjomba. Sasa hivi, hapa hapa nyumbani. Jana alitaka kuongea na wewe. Nikampigia namba yako, nikamwekea simu sikioni, ikawa inamwambia hupatikani. Alisikiliza mpaka mwisho."

"Marahaba," alijibu Julius.

Ndilo neno pekee lililomtoka. Salamu ilikuwa imesubiri jibu, na ulimi ulijibu salamu kabla moyo haujaelewa kilichosemwa. Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, hicho ndicho kilichomtia aibu kuliko vyote: kwamba aliambiwa dada yake amekufa, akasema marahaba.

Simu ya Julius ilikuwa na sehemu mbili za laini, ila moja ilishaharibika. Alipohitaji intaneti ya kompyuta alitoa laini ya kupigiwa, ile ambayo watu wote waliijua, akaweka laini ya bando. Kwa kawaida ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini tangu Jumanne laini ya bando haikutoka, kwa sababu Julius alikuwa ameamua kuhamia mfumo mpya wa kompyuta, na mfumo ule ulikuwa unakunywa intaneti kama ng'ombe aliyetoka kiangazini.

Hakuna aliyemlazimisha. Mfumo wa zamani ulikuwa mzima, ukiwaka asubuhi na kuzimwa jioni bila ubishi. Printa iliusikiliza. Kadi za harusi, barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za msingi, vyote vilipita humo salama. Muhsin, fundi wa kompyuta wa Korogwe aliyekuwa akimtengenezea mashine zake, alimwambia wazi kwamba mfumo mpya bado mbichi, asubiri mwaka mmoja, wenzake waumie kwanza. Julius akacheka. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kuwa na printa ya rangi, wa kwanza kuweka picha kwenye vijitabu vya mazishi, na alikuwa ameshapanga maneno ya kupaka kwenye kibao cha dukani kuwajulisha watu kwamba pale mambo ni ya kisasa.

Dada yake alipoambiwa, aliuliza kwa sauti yake ile ya kukwaruza, "Huo wa zamani umekufa?"

"Hapana, dada."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona unauzika ukiwa mzima?"

Julius alicheka tena. Siku hiyo alicheka sana.

Mfumo uliingia Jumanne mchana, na kufikia saa za alasiri mashine ilikuwa imeshakuwa mgeni. Kitufe cha kuanzia kilihamia katikati. Programu ya kadi iligoma kufunguka. Printa, ile ile aliyoitunza kama mtoto, ikawa haitambuliki: kompyuta ilimwambia hakuna kifaa, na kifaa kipo mezani, kimewashwa, kimejaa karatasi. Wateja walikaa kwenye benchi wakinyanyuka mmoja mmoja. Mwalimu mmoja aliondoka na mtihani wake akisema atauchapisha kwingine, na aliposema kwingine alitazama steshenari ya ng'ambo ya barabara. Jumatano Julius aliambiwa na mashine kwamba dawa ipo, ila ni lazima ashushe masahihisho, na masahihisho yalikuwa makubwa kuliko mfumo wenyewe. Ndiyo maana laini ya kupigiwa ililala mezani Jumatano nzima na kuamkia Alhamisi.

Mwatumu alimwambia aende, yeye atafunga duka na kumletea funguo. Julius hakuinuka. Alitazama kioo cha bluu, namba imefika themanini na kitu, akasema hawezi kuondoka, wasifu wa dada umo humo ndani.

Mwatumu hakuelewa, na kweli si jambo la kueleweka haraka.

Grasiana Hiza alizaliwa Mazinde, kwenye kambi ya shamba la mkonge, mtoto wa kwanza wa watu walioshuka kutoka milimani kutafuta kibarua. Mama yao alipofariki Julius alikuwa bado hajaota meno ya mbele. Grasiana aliacha shule, akambeba mgongoni, akaenda kuomba kazi ya baba zake wadogo: kuanika singa. Singa ndizo nyuzi za mkonge, zikitoka korona, mashine ya kukamua majani yake, zimelowa na kunuka, zinaanikwa juani kwenye nyaya, safu kwa safu, halafu zinaanuliwa. Alianika mpaka mikono yake ikawa haiwezi kufunga vifungo vya blauzi. Kwa mikono hiyo alimsomesha Julius mpaka kidato cha nne, akamwongezea na kozi ya kuchapa. Aliolewa, akamzaa Stefano, na mume wake akaenda Mererani kutafuta madini mtoto akiwa bado ananyonya. Hakurudi. Nguvu zilipopungua alihamia Masuguru, akajenga vyumba viwili, akawa mtu wa rozari na jumuiya, asiyekosa msiba wa mtu.

Na ni kwenye misiba hiyo ndipo ugomvi wake na kazi ya mdogo wake ulipoanzia.

Miaka mingi nyuma Julius aliletewa na mteja wasifu wa marehemu ulio mfupi mno, akaujazia maneno mazuri ya kwake. Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mwenye ushirikiano na majirani. Alipenda sana kuimba kwaya. Aliishi na mwenzi wake kwa amani na upendo hadi umauti ulipowatenganisha. Familia ilifurahi. Aliyefuata akaomba kama ule. Baada ya hapo Julius alikuwa akibadilisha jina, picha na tarehe tu, na wenye steshenari wengine wakaomba kuunakili, ukapita kwenye flashi kutoka duka hadi duka, Handeni, Mkata, Korogwe, mpaka hakuna aliyejua ulianzia wapi. Grasiana alijua. Akitoka mazishini alikuwa akimpigia: "Julius, leo tumemzika tena yule mcheshi wako."

Pasaka iliyopita, akiwa ameshaanza kuvimba miguu, alipanda gari akaja Handeni, akakaa kwenye benchi la wateja kama mteja, akamwambia achape. Alitaka wasifu wake auseme mwenyewe.

"Andika nilizaliwa kambini. Wasiandike kijijini, waandike kambini. Andika sikusoma, nilikuwa na mtoto mgongoni na hakuwa wangu. Andika nilianika singa. Andika mume alikwenda Mererani, nimemsamehe mbele ya Mungu, lakini mtu asiandike kwamba alinipenda. Andika sikujua kuimba. Andika nilisali rozari kila siku, na kuna siku nilisali kwa hasira, na Mungu alinisikiliza hivyo hivyo."

Julius alichapa huku kioo kikimfifia machoni. Alimuuliza kama kweli anataka hayo ya mume, maana ndugu wa mume watakuwepo. Akasema ndiyo maana anataka yawe kwenye karatasi yenye picha yake. "Nikiyasema mimi ni umbea. Ukiyasema wewe ni ugomvi. Karatasi ya marehemu hakuna anayebishana nayo."

Aliahidi. Aliapa kwa Mungu, pale pale, kwamba watu watayasoma hayo na si mengine.

Lakini alipotaka kuuchapisha, Grasiana alimshika mkono. Wasifu wa mtu aliye hai hauchapwi kwenye karatasi, alisema, ni kujichimbia. Ukae humo humo kwenye mashine mpaka siku yake. Julius naye, mtu wa kisasa kwa kila kitu, katika hilo alikuwa mtoto wa nyumbani kwao: aliogopa. Aliuhifadhi kwenye kompyuta, akaunakili kwenye flashi yake ya akiba, basi. Na Jumanne, alipohitaji flashi ya kuwekea mfumo mpya, mashine ilimtahadharisha kwamba vyote vilivyomo vitafutwa. Alibonyeza kukubali. Nakala nyingine ilikuwa kwenye kompyuta, na kompyuta iliahidi kwamba haitagusa faili lake lolote.

Sasa dada alikuwa amekufa, na nakala ile moja ilikuwa nyuma ya kioo cha bluu.

Alikaa. Mwatumu alimletea maji, hakuyanywa. Namba ilifika tisini, ikasimama, ikaenda tisini na moja. Alijaribu kusali akashindwa kwenda mbali zaidi ya kuomba namba isogee, akajichukia kwa sala ya namna hiyo, akaendelea nayo. Ilipofika tisini na saba, feni ilipunguza mwendo, kioo kikawa cheusi, na redio ya Mwatumu ikanyamaza upande wa pili wa ukuta. Umeme ulikuwa umekatika Handeni nzima.

Uliporudi, mashine iliwaka ikaonyesha kiduara kinachozunguka, na haikuonyesha kingine.

Julius alichomoa nyaya zote, akalibeba sanduku la kompyuta kifuani, akatoka nalo mpaka stendi. Kwenye kosta ya Korogwe kondakta alitaka aliweke kwenye buti. Alikataa. Alilipakata njia nzima, na abiria mmoja alipomtania kwamba amebeba sanduku kama amebeba bibi harusi, alitazama dirishani mpaka Sindeni ikapita, na hakuna aliyemtania tena.

Masuguru, turubai lilikuwa limeshafungwa na wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi. Shangazi Yuditha, dada wa baba yao, alikuwa mlangoni amejifunga khanga kiunoni. Alimwona mtu anakuja na sanduku la bati kifuani, akamtambua, akakatisha kilio.

"Julius. Umekuja msibani na kompyuta?"

"Shikamoo, shangazi."

"Dada yako amekuita mpaka sauti imekauka, wewe unatuletea kompyuta. Ingia basi, ingia nayo, tuione."

Wanawake wakamtazama. Alitaka kueleza, lakini kueleza kungeanzia kwenye laini, na laini ilikuwa mfukoni mwake, amesahau hata kuirudisha kwenye simu. Aliliweka sanduku chini ya dirisha, akaingia chumbani. Grasiana alikuwa amelazwa kitandani, amefunikwa mpaka kidevuni, rozari imezungushwa kwenye vidole vyake vilivyokakamaa tangu akiwa hai. Julius alipiga magoti. Hakuweza kulia. Alichoweza ni kumwambia kimoyomoyo kwamba wasifu wake uko hapo nje, uko njiani, asiwe na wasiwasi.

Stefano alimkuta pale, akamwambia kamati imekaa. Mazishi ni kesho saa nane, Mazinde, kando ya makaburi ya wazazi wake, kama alivyoagiza. Mzee Fransisko, mwenyekiti wa jumuiya, ndiye anayeshughulikia vijitabu, na anataka maelezo ya marehemu jioni hiyo. Julius aliomba mzee amsubiri, akalibeba tena sanduku.

Muhsin alikuwa anafunga duka lake sokoni alipoliona sanduku. Alimpa pole, akawasha taa tena. Alijaribu kuiamsha mashine kwa njia zake zote, haikuamka. Akachomoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Julius alisimama nyuma yake ameshikilia kiti. Kioo kilionyesha kwamba diski ipo, ni nzima, ina vitu. Kisha kikaleta kisanduku kinachodai namba ndefu za siri.

"Hizi namba unazo, kaka?"

"Namba gani? Sijawahi kufunga kitu."

"Mfumo mpya unajifungia wenyewe. Wanasema ni usalama. Ufunguo unautuma kwenye akaunti uliyofungua wakati wa kuingiza."

"Sikufungua akaunti."

"Ulifungua. Kuna mahali ulibonyeza kukubali."

Julius alibonyeza kukubali mahali pengi Jumanne ile. Alikumbuka kisanduku kimoja kilichomdai barua pepe na neno la siri, akaandika lililomjia kichwani ili apite haraka, kwa kuwa wateja walikuwa wakimsubiri. Walijaribu maneno aliyodhani aliyaandika, mpaka kompyuta ikagoma kupokea mengine, ikawataka warudi baada ya siku kadhaa.

Muhsin alisugua uso. "Faili halijapotea, kaka. Limo. Tukipata ule ufunguo hata wiki ijayo, tunalifungua."

"Wiki ijayo," alisema Julius. "Anazikwa kesho."

Muhsin hakumkumbusha kwamba alimwonya. Julius angefurahi kama angemkumbusha. Angepata mtu wa kumkasirikia. Aliliacha sanduku pale dukani, akarudi Masuguru mikono mitupu.

Mzee Fransisko alikuwa amesubiri mpaka alipochoka. Alieleza kwa upole kwamba steshenari ilikuwa inafunga, kamati ikaona isiharibu, wakatoa jina, tarehe na picha ya kitambulisho, na yule kijana wa steshenari akasema mengine anayo. Vijitabu vilishatoka. Alimpa kimoja, bado kina joto.

Julius alisoma chini ya taa ya turubai. Marehemu Grasiana alikuwa mcheshi, mpenda watu, mwenye ushirikiano na majirani. Alipenda sana kuimba kwaya. Aliishi na mwenzi wake kwa amani na upendo hadi umauti ulipowatenganisha.

Yalikuwa maneno yake, hata koma zilikuwa zake. Alikuwa ameyatuma duniani yakazunguka wilaya nzima yakiwazika watu wasioyastahili, na sasa yamemrudia nyumbani.

"Ni mazuri," alisema Mzee Fransisko. "Huyo kijana ana kipaji."

"Ndiyo, mzee," alisema Julius.

Kesho yake, kabla ya kuondoka Masuguru, jeneza lilifunguliwa uani watu waage. Walipita kwa mstari, jumuiya kwanza, kisha majirani, Waislamu kwa Wakristo, kisha ndugu. Ndugu wa mume walikuwepo, wamevaa vizuri, na mmoja wao alikuwa akisoma kijitabu huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Julius alipita karibu na mwisho. Alimgusa dada yake paji la uso, akasogea.

Mazinde, Padre alimaliza misa ya marehemu kanisani, wakaenda makaburini kwa miguu, mkonge ukiwa pande zote mbili za njia. Mshereheshaji alisema wasifu kila mtu anao mkononi, kwa hiyo hautasomwa, ili kuokoa muda. Aliuliza kama familia ina neno. Shangazi Yuditha alimsukuma Julius mgongoni.

Alisimama mbele ya watu. Maneno yote ya dada yalikuwa kichwani mwake, moja baada ya jingine, kuanzia kambini hadi hasira ya rozari, na ndipo alipotambua kwamba usiku ule angeweza kuyachapa upya kwa kumbukumbu, asingoje faili. Alimtazama ndugu wa mume mwenye kijitabu. Akajua kwamba akiyasema bila karatasi itakuwa kama alivyosema dada mwenyewe: ugomvi, na ugomvi juu ya kaburi lililo wazi, na utaitwa ugomvi wa Julius, si ukweli wa Grasiana.

"Dada yangu hakujua kuimba," alisema.

Watu wakacheka kidogo, kwa upole, kama wanavyocheka msibani mtu anapojaribu kuwafariji. Mtu mmoja alisema ni kweli alikuwa mcheshi. Julius alisubiri kicheko kiishe ili aendelee, na kilipoisha hakuendelea. Alirudi mahali pake.

Padre alinyunyiza maji ya baraka, jeneza likateremshwa kwa kamba. Stefano alitupa udongo wa kwanza, Julius akafuata, kisha shangazi Yuditha, kisha wengine. Vijana wa kambi walijaza kaburi kwa koleo wakipokezana. Msalaba ukasimikwa, una jina na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Mashada yakawekwa. Padre alimwombea raha ya milele, watu wakaitikia. Halafu waliosha mikono kwenye ndoo iliyowekwa njiani, wakaenda kula.